Tonge la Mwanakuu

Ukipita Kibokoni saa saba ya mchana, kila nyumba inanukia yake, na Mwanakuu aweza kukwambia nani kapika nini bila kutoa kichwa dirishani. Huyu kaunga samaki kwa nazi, yule anakaanga papa, wale wa pembeni wamechoma mkate wa mofa. Anajua kwa sababu saa hiyo hana jingine la kufanya. Hukaa juu orofani na sahani yake ya wali na kuku, akala huku akisikiliza vicheko vya chini, ambako watu wa mumewe wamezunguka sinia moja.

Hakuzaliwa mtu wa kula peke yake. Aliingia nyumba hii bibi harusi wa miaka kumi na tisa, kaolewa na Jamaldin, muuza leso wa Biashara Street, na kwa miaka ishirini na zaidi mkono wake ulikuwa ndani ya sinia lile pamoja na wa mavyaake Bimdogo, mamake Jamaldin, na wa wifi yake, Mwanaesha. Shule hakutiwa, chuo cha Kurani ndicho alichosoma. Lakini kwa upishi hakuwa na wa kumnyanyulia mdomo. Kamba wake wa nazi wakisifiwa hata na watu waliokuwa hawampendi.

Ni kamba hao hao waliomgeukia. Ijumaa moja, chakula kikiwa katikati, midomo ilimwasha, kisha ikafura, kisha pumzi zikawa nyembamba kama uzi. Alipelekwa zahanati, akachomwa sindano na muuguzi mmoja wa Kigiriama, jina lake Dama, ambaye alimkalia kitako akamweleza taratibu.

"Mwili wako umeanza kuwakataa kamba, mama. Yaitwa aleji. Wengine huzaliwa nayo, wengine huwaanza ukubwani. Usiwale tena, hata kwa kuonja. Na sufuria iliyopikiwa kamba isikupikie wewe."

Mwanakuu alirudi nyumbani na maneno hayo kama alivyopewa, akayatoa mbele ya mavyaake.

"Mwanangu," Bimdogo akauliza, "mwiko huo umepewa na nani?"

"Nimepewa na hospitali, mama."

"Hospitali haitoi mwiko. Hospitali hutoa dawa."

Basi hapo ndipo mambo yalipoharibikia. Kwa watu wa mji huu, mtu mzima hakiachi chakula alichokila tangu ana meno ya utotoni mpaka awe kaambiwa akiache. Anayeambia watu waache vyakula ni mganga. Mganga akikushikia jambo lako hukupa na mwiko wake: usile pweza, usile ngisi, usile kamba, ukila kazi yote imeharibika. Sasa swali la watu wa chini halikuwa tena Mwanakuu anaumwa na nini. Lilikuwa, Mwanakuu kaenda kwa mganga kutafuta nini?

Na jibu halikuwa mbali. Wakati huo Jamaldin alikuwa na mwanamke Tudor aliyetaka kumuoa, na nyumba nzima ikijua ila mkewe. Mwanaesha akaunganisha hili na lile, akapata nguo iliyoshonwa vizuri.

"Kaka yangu," alimwambia Jamaldin, "angalia unacholishwa. Mkeo ana mwiko. Mwenye mwiko ana dawa, na dawa haikai chupani. Yakaa chakulani."

Jamaldin hakumuuliza mkewe neno. Alianza tu kusema ameshakula dukani. Mwanakuu akimwekea wali, waganda. Akimwekea chai, yapoa mpaka ikafanya utando. Mwanamke wa hapa aweza kupigwa akasamehe, aweza kutukanwa akanyamaza, lakini mume akikataa chakula cha mkono wako mbele ya watu, kakuvua nguo. Kabla mwaka haujageuka alikwenda akaoa Tudor, na watu wakamsifu kwa kuponyoka. Mwanakuu hakuachwa. Aliwekwa juu, kama chombo kisichotumika ambacho ni aibu kukitupa.

Alibaki na Swafia, binti yake pekee. Swafia alikula kwa mamake na akala chini pia, akipanda na kushuka ngazi kama mchukuzi wa forodhani. Alipoposwa na Abdulghafur, kijana wa Kuze, Mwanakuu alitaka jambo moja tu katika arusi nzima. Kwa watu wa mji huu, bibi harusi hali siku ya arusi mpaka mamake amlishe tonge la kwanza. Mama hufinyanga wali kwa mkono wake, huonja kidogo mbele ya watu, kisha humtia mwanawe mdomoni, na wanawake wakapiga vigelegele. Mwanakuu alifanyiwa hivyo na mamake, Allah amrehemu. Kanzu na dhahabu na ukumbi aliwaachia wengine wagombanie. Tonge lilikuwa lake.

Siku chache kabla ya arusi, wanawake walikusanyika chini kuchambua mchele na kumenya vitunguu thomu. Mwanaesha akapanda ngazi mwenyewe, jambo ambalo hakulifanya tangu Jamaldin aoe.

"Wifi, shuka tule. Nimepika pilau ya nyama. Kamba hamna, sufuria mpya. Arusi hii, tusikae kama mahasimu."

Mwanakuu alifunga leso yake akashuka. Walimpisha nafasi karibu na Bimdogo, na alipotia mkono katika sinia, vidole vyake vikagusana na vya mtu mwingine, akaviacha hapo kidogo. Pilau ilikuwa tamu. Wakamtania.

"Kula, Mwanakuu, umekonda hata bangili zakucheza mkononi."

"Nikinenepa mtasema nimemla nani," akajibu, nao wakacheka, Bimdogo mwenyewe akacheka.

Kwenye tonge la nne ulimi ulianza kumuwasha. Akadhani ni pilipili. Kisha midomo ikawa mizito, na masikio yakavuma, akamtazama Mwanaesha, akaona kwamba Mwanaesha hali tena. Alikuwa kakaa na mkono uliojaa mafuta, akimwangalia.

"Nimetia kamba," Mwanaesha akawaambia watu. "Wakavu, nimewaponda na bizari. Kijiko kimoja, hata harufu haitoki. Nataka mwone kama ni mwili au ni neno jingine."

Mwanakuu alianguka upande, juu ya mchele uliokuwa ukichambuliwa.

Swafia na jirani mmoja walimbeba mpaka tuktuk, wakamfikisha zahanati. Dama alimchoma sindano, akamtia maji ya mshipa, na pumzi ziliporudi akauliza, "Aliyetia alijua?"

"Alijua."

Dama akainama karibu. Alimpangusa uso kwa kitambaa cha maji, taratibu, kama anayepangusa mtoto, na Mwanakuu akalia kwa sababu ya kitambaa kile kuliko kwa sababu ya Mwanaesha.

Alilala pale akifikiri sasa imekwisha. Watu wameona kwa macho yao. Amefura mbele ya wanawake kadha wa kadha, na ila Mwanaesha hakuna aliyejua kama kuna kamba, hata yeye; nani tena atasema ni uongo? Mtu hujidanganya hivyo akiwa na sindano mkononi. Jioni alikuja Jamaldin, akasimama mlangoni na kofia yake mkononi.

"Mganga wako," akasema, "alikwambia ukivunja mwiko itakuwaje?"

Ndivyo walivyoona chini. Kufura kwake kulikuwa ushahidi, naam, lakini ushahidi wao. Mwiko umevunjwa, na chenye mwiko, pepo wa mganga, kimekasirika, kimemtupa chini hadharani. Mwanaesha hakulaumiwa. Alipongezwa kwa kuwa jasiri.

Usiku uliofuata, Mwanakuu akiwa amerudi orofani, Swafia alipanda akakaa ukingoni mwa kitanda cha mamake, akizungusha pete ya uchumba.

"Mama, wasema ukasomewe kabla ya arusi. Sheikh akusomee tu, uteme hicho kitu."

"Niteme nini, Swafia? Ni kamba."

"Najua." Akaitoa pete, akairudisha. "Lakini watu wa Kuze wameshasikia. Mamake Abdulghafur kauliza."

"Na wewe umemjibu nini?"

Swafia aliinuka. Alimbusu mamake mkono, akashuka.

Siku ya arusi mapishi yalikuwa ya Mwanaesha, na juu ya kila sinia la biriani kulipangwa kamba wa kukaanga, wekundu, wanono. Mwanakuu aliwaona tangu mlangoni. Alikuwa kavaa buibui jipya, na mkononi kashika sahani yake iliyofunikwa: wali mweupe na kipande cha kuku, alivyopika mwenyewe asubuhi katika sufuria yake. Alikwenda moja kwa moja mahali pa mama, akakaa. Wanawake walisogea. Hawakusogea kumpisha.

Mamake Abdulghafur aliitazama ile sahani. "Bi Mwanakuu, huli nasi?"

"Kamba huniua, mkwe wangu. Si siri, muulize wifi yangu huyu, aliyenipima nao."

Mwanaesha akatabasamu. "Wali wa sahani yake, bibi. Anajua yeye mwenyewe alichotia."

Swafia aliletwa, mikono imejaa hina, uso umeinama. Ukumbi ukanyamaza kungoja. Mwanakuu alifunua sahani, akafinyanga tonge dogo la wali mweupe, akalionja mbele ya watu wote, akatafuna, akameza, ili aonekane amemeza. Kisha akanyoosha mkono.

Swafia aliutazama mkono wa mamake. Alimtazama mamake Abdulghafur, na mamake Abdulghafur alikuwa akiangalia tonge kama mtu anayeangalia jiko lililoachwa wazi. Mkono wa Mwanakuu ulianza kuchoka.

"Nimeshiba, mama," Swafia akasema, polepole, ili asikike na mamake peke yake.

Lakini ukumbi ulikuwa kimya, na wote wakasikia. Mwanaesha alikuwa tayari na tonge la biriani. Alilionja, akamlisha, na vigelegele vikapigwa mpaka madirishani.

Mwanakuu aliurudisha mkono wake. Kulitupa tonge si adabu, chakula ni riziki ya Mungu. Akalitia mdomoni, akalitafuna, kisha akaendelea kula sahani yake pale pale alipokaa, mahali pa mama, mpaka ikaisha.