Punda Asiye na Chapa

Katika skimu yetu ya makazi, nyuma ya Msambweni, hakuna mwenye punda ambaye hajagombezwa na Kaluki. Mimi amenigombeza mara tatu. Mara ya tatu alinishitaki kwa chifu kwa sababu nilimchoma punda wangu chapa pajani, kama tunavyofanya sote ili mnyama akiibwa ajulikane. Alisema mbele za watu kwamba mtu anayemchoma moto mnyama anayempa riziki hana haya. Maneno yale niliyaweka moyoni, Mungu anisamehe.

Kaluki ni Mkamba, mjane, aliyehamia huku kutoka Mackinnon Road na punda watatu, akatuona sisi watu wa pwani hatujui punda ni nini. Punda mweupe mrefu, alisema, ni wa kutazamwa tu: kwato zake laini hupasuka kwenye mawe, na mvua moja humlaza. Yule mwekundu ana nguvu, lakini hula kama bwana harusi. Punda hasa ni yule mdogo wa kijivu wa kwao, mwenye mstari mweusi mgongoni na mwingine uliokatiza mabegani, pete nyeusi miguuni, mdomo mweupe, kwato nyembamba na ngumu. Huyo hula majani makavu, hulala na kiu, na asubuhi huvuta mkokoteni. Kati ya wale watatu alikuwa amebaki mmoja, jike aliyeitwa Sikitu, ambaye ndiye aliyemlisha Kaluki kwa kuvuta maji ya kuuza tangu afiwe na mumewe. Chapa hakumtia kamwe.

Wiki iliyopita punda wa skimu waliibwa malishoni. Kesho yake lori lilikamatwa karibu na Ukunda likiwa na punda kumi na mmoja, wakipelekwa kuchinjwa kwa ajili ya ngozi. Tulikwenda kituo cha polisi. Sisi wenye chapa tulikabidhiwa punda wetu mara moja. Wakabaki wanne wasio na alama, na mfanyabiashara mmoja, Mwero, akatoa karatasi ya mnada iliyosema amenunua punda wanne wa kijivu. Alisema yeye alikodi nafasi tu katika lori lile, mambo ya wezi hayajui. Tena alikuwa amekuja na lori jingine. Afande Baya alisema asipotokea mwenye ushahidi hadi saa nane, Mwero atawachukua wote wanne. Ilikuwa saa saba na nusu.

Kaluki hakubabaika. Alikataa hata kuingia uani. Alisema ataeleza alivyo Sikitu akiwa pale pale langoni, afande akajionee. Akaeleza mistari, pete za miguuni, mdomo mweupe, kwato. Baya akaingia, akakaa kidogo, akarudi.

"Mama," alisema, "wote wanne wako hivyo hivyo."

Uso ulimshuka Kaluki. Aliingia mbio akaita jina la Sikitu, lakini wale wanyama walikuwa wamepigwa, wametapakaa kinyesi, vichwa chini, na hakuna aliyeinua hata sikio. Akamgusa huyu, akaenda kwa yule, akarudi kwa wa kwanza. Mimi roho yangu ilisuuzika, sitaficha. Kisha nikakumbuka kisu kinachomngoja Sikitu, nikaona aibu.

Saa nane kasoro dakika tano, Mwero alianza kuwafungua kamba. Kaluki akageuka akatutazama sisi majirani zake, mmoja mmoja, sote aliowahi kutugombeza.

"Afande, papasa chini ya kifua, nyuma ya mguu wa mbele wa kushoto," alisema. "Kuna kovu refu kama kiganja changu."

Baya akamwuliza ni kovu la nini.

"La waya. Mwaka wa ukame mkanda wa mkokoteni ulikatika, nikamfunga kwa waya. Alitoka damu siku tisa, nami naendelea kumvutisha maji. Nikamfunika gunia, hawa wasione."

Baya alichuchumaa chini ya punda wa kwanza, kisha wa pili. Kwa wa tatu mkono wake ukasimama. Mwero alidai kovu laweza kuwa la punda yeyote. Baya akamtaka ataje la punda wake mmoja tu; Mwero akaikunja karatasi yake, na Kaluki akapewa kamba ya Sikitu.

Tulirudi kwa miguu, kila mtu na punda wake, Kaluki nyuma kabisa. Maneno ya kumrudishia nilikuwa nayo tayari, nimeyatunza miaka mitatu. Karibu na Msambweni nikapunguza mwendo mpaka akanifikia.

"Sema, Bwana Swabir," aliniambia. "Nimekuwa nikikungoja tangu Ukunda."

Sikuweza. Nikamwomba anipe kamba nimkokotee Sikitu, yeye apumzike kidogo. Akakataa.