Mama na Bakuli la Kifaransa

Mama alipokuja kunitembelea London kutoka Tanga, maombi yangu ya ukaazi yalikuwa bado kwa watu wa uhamiaji. Nilikuwa naishi roho mkononi. Nikiona polisi navuka barabara, na wala sijafanya lolote. Niliamini kosa dogo tu litanirudisha nyumbani.

Nikampeleka makumbusho, maana ni bure na kuna joto. Tulianza na picha za mabwana wa Kizungu wa zamani.

"Mbona wote wamenuna?" Mama akauliza. "Walikuwa wamefiwa?"

Nikacheka, nikajisahau kidogo.

Chumba kilichofuata kilipangwa kama sebule ya tajiri wa Kifaransa: viti vya rangi ya dhahabu, saa kubwa, na bakuli la kauri mezani, karibu kabisa na kamba ya kuzuia watu. Sasa, kwetu mtu hanunui chombo cha kauri kabla hajakigonga kwa ukucha. Kikilia vizuri, kizima. Kikitoa mlio mfu, kina ufa. Mama ndiye anayechagua vyombo vya harusi mtaani kwetu. Mkono ukaenda wenyewe. Akagonga.

King'ora kikalia. Mlinzi alikuja mbio na redio yake, nami tayari nikaona polisi, jina langu kwenye kompyuta, na ndege.

"Kwani nimevunja?" Mama akauliza.

"Nyamaza, Mama, nakuomba!"

Nilimshika mkono kwa nguvu. Nikamwambia mlinzi sori, sori, ni mgeni, ni mtu mzima, hajui, huku machozi yananitoka. Akazima king'ora. Akasema tusiguse tu, hayo hutokea kila siku, akatutakia matembezi mema.

Sikumwamini. Nilimburuta Mama tukapita vyumba vya michoro na makabati bila kutazama kitu, nageuka nyuma kila mara, mpaka kituo cha basi.

Mama akavibandua vidole vyangu taratibu. Mkono wake ulikuwa umebaki na alama.

"Mwanangu," akasema, "yule kijana alitusamehe kulekule ndani. Wewe unamkimbia nani?"

Nikageuka nyuma tena. Hapakuwa na hata mtu mmoja aliyetufuata.