Magoti kwenye Nyasi za Ofisi

Kiangazi, Lagangabilili nzima huwa vumbi, isipokuwa zile nyasi za mbele ya ofisi mpya ya halmashauri. Asubuhi ile zilimeremeta kama kitu nilichokiota. Kaka yangu, mtunza bustani wa pale, alipita juu yake polepole, mgongoni amebeba bomba la kupulizia dawa ya pamba, akiacha ukungu mweupe nyuma yake. Harufu ile ndiyo ya utoto wetu shambani. Ilinilegeza, ingawa nilikuwa na hasira.

Tulikuwa tumegombana tangu jana yake. Nilimwambia watu wa vijijini hukaa hapo na watoto wao wakisubiri huduma, na sumu ni sumu, bwana! Akanijibu kwamba mchwa watazimaliza nyasi, na kwamba yeye huwakataza watu wasizikanyage mpaka zikauke. "Wewe unapenda ubishi tu," alisema.

Mara wakatokea mabinti wa dada yetu, wametoka kijijini Migato, mdogo wao hata shule hajaanza. Wakamwona mjomba wao. Kwetu mjomba hasalimiwi kwa kupungiwa mkono. Walivua ndala, wakapiga magoti pale pale kwenye nyasi zilizolowa dawa.

"Mwangaluka, mjomba," walimwamkia kwa Kisukuma.

Nilipiga kelele, lakini salamu ikishaanza haikatizwi. Kaka yangu, ndani ya buti na glavu zake, alishusha barakoa ili awaitikie vizuri, mmoja mmoja, mpaka yule mdogo.

Kisha akaipandisha tena, akaendelea kupulizia.