Viazi vya Mama Mawe

Jina lake la ubatizo ni Levina, lakini kwa miaka kumi na tisa hapa kijijini kwetu, nje kidogo ya Kipalapala, tulimwita Mama Mawe. Nasema tulimwita kwa sababu na mimi nilimwita, na ninaona aibu. Aliyembandika jina hilo ni wifi yake Imakulata, dada wa mumewe, na huyo sijawahi kumwona akiona aibu.

Lilianza wiki aliyoolewa. Hapa kwetu bibi harusi huingia jikoni siku ya tatu, akawapikia wakwe peke yake, na majirani wanakuja kuonja. Levina ametoka Goweko, amekulia viazi vitamu. Viazi mviringo alikuwa akiviona sokoni tu. Imakulata akamletea sufuria nzima, akamnong'oneza kwa upole, "Wifi, sisi tunavichemsha na ukwaju tangu mwanzo. Baba anavipenda hivyo."

Bibi harusi wa siku tatu atabisha? Akatia ukwaju, akachochea moto mpaka macho yakawa mekundu. Viazi vikagoma kuiva. Imakulata akauma kimoja mbele za watu, akakitemea kiganjani, akasimama kukionyesha. "Kaka ameoa mpika mawe!" Akawamwagia kuku sahani nzima, na watu wakacheka.

Jina likamfuata kisimani na kanisani, likawafuata na wanawe shuleni. Kwenye sherehe alipewa kuosha masufuria, asiguse chakula. Miaka kumi na minane Levina hakupika kiazi mviringo hata kimoja, akiamini mikono yake ndiyo mibaya.

Mwaka juzi tukaenda naye sokoni mjini, kwa Zuwena anayeuza viazi vya Njombe. Zuwena alipomsikia anasema hawezi kuvipika, akamuuliza huwa anavipikaje. Levina akamweleza.

"Ukwaju!" Zuwena akacheka mpaka akajishika kiuno. "Uchachu unakaza kiazi, mama. Nani alikudanganya?"

Levina akashusha kikapu chini. Akasema, "Nifundishe."

Zuwena akamfundisha. Chagua viazi vya unga, si vile vya maji. Menya, kata vipande vilingane, vianze kwenye maji baridi yenye chumvi, moto uwe wa kiasi. Kisu kikipenya bila kusukumwa, mwaga maji yote, rudisha sufuria kwenye makaa yanayofifia, funika kwa kitambaa safi ili mvuke utoke bila kudondokea viazi. Tikisa kidogo, vitachanua vyenyewe. Ukitaka kuviponda, ponda vingali moto, tia maziwa ya moto kidogo kidogo, na usisonge kama ugali, vitanata.

Njiani nilimwambia akamweleze mumewe, Eustace, alichofanyiwa.

"Eustace atamfokea dada yake, yataisha," akasema. "Sitaki yaishe hivyo."

Kuanzia hapo alipika viazi kila Jumapili. Nilivila, navijua: vilikuwa vinayeyuka mdomoni. Habari zikaenea, zikamfikia hata Imakulata.

Mwaka jana, baada ya mavuno, bintiye Imakulata aitwaye Marcelina akachumbiwa na ukoo wa Habimana wa Ulyankulu, watu wasioona chakula kimekamilika bila viazi mviringo na maharage. Wakwe wakatuma salamu kwamba wanakuja. Imakulata, ambaye viazi vyake kila siku huwa uji, akaja kwa Levina mwenyewe.

"Wifi, niokoe. Wasipokula watasema mwanangu hakufundwa."

"Nitakuja, wifi," Levina akajibu.

Sitaficha: niliomba atie ukwaju kwenye sufuria ya wageni. Nilimwambia hivyo. Akanikata jicho. "Marcelina hajanikosea."

Siku ilipofika akabandika sufuria mbili, kubwa na ndogo. Ile ndogo ndiyo aliyoitia ukwaju, konzi nzima, huku akiimba wimbo wa kanisani.

Desturi yetu ni kwamba mama mwenye mwali anakula pamoja na wakwe, na sahani yake lazima aimalize. Akibakiza, ni kama amewaambia wageni kwamba udugu wao umemshinda. Levina akapiga magoti akamwekea Imakulata sahani, vipande vikubwa sita, juu amevipaka viazi vya kuponda vizuri kabisa.

Imakulata akauma. Nikaiona taya ikisimama. Akainua macho, na nikamwona anakumbuka.

"Vimeiva, wifi?" Levina akamuuliza taratibu, karibu na sikio. "Nimetia ukwaju, kama ulivyonifundisha."

Atatema wapi, mbele ya mkwe wake? Akatafuna. Mlio wa kutafuna niliusikia nikiwa mlangoni, na Mungu anisamehe, nilifurahi kuliko siku ya kipaimara changu. Machozi yakamlenga, akatabasamu, akatafuna tena. Wageni walikuwa wanaongezewa kutoka sufuria kubwa.

"Viazi laini namna hii!" akasema mama Habimana. "Amepika nani?"

Imakulata akasukuma tonge kwa maji. "Wifi yangu."

"Anaitwa nani, nimshukuru?"

Majirani wote wakatega masikio. Kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kulitamka jina lake la ubatizo. Akafuta mdomo.

"Levina," akasema.

"Ahsante, wifi," Levina akaitikia, akamsogezea sahani karibu zaidi. "Malizia. Bado vipande vinne."