Konokono Waliofika Kileleni

Mtaani walimwita Mama Konokono, na hakukasirika. Mtu anayewatia konokono alama kwa rangi ya kucha, halafu anawaachia waende zao, atamkasirikia nani? Kazi yake chuoni ilikuwa kuchunguza viumbe wanahamia wapi joto linapozidi, na alishikilia kwamba konokono wa bondeni wanapanda mlima kutafuta ubaridi. Wenzake wakamcheka: konokono na safari wapi na wapi! Mumewe, mlinzi wa msitu wa mlima huo, hakucheka. Ndiye aliyembebea mikoba, ndiye aliyembembeleza kila aliporudi mikono mitupu.

Kisha mambo yakamnyookea. Konokono wakaanza kuonekana karibu na kilele, mahali ambapo hawakuwahi kuishi. Akachora ramani, makala yake ikachapishwa, na waliomcheka wakaanza kumpigia simu kwa adabu. Ikabaki siku moja tu asafiri kwenda kuueleza utafiti huo mbele ya wanasayansi wa nchi nyingi.

Asubuhi hiyo alipanda kupiga picha za mwisho. Akaokota konokono aliyegandwa na tope, akamsuuza kwa maji ya chupa. Kwenye gamba ikajitokeza nukta nyekundu. Nukta ile aliipaka mwenyewe, bondeni, wiki iliyopita tu, na mwendo wa kutoka bondeni humchosha hata mbuzi.

Alimkuta mumewe kwenye kibanda cha walinzi, anapiga viatu rangi. Akamwekea konokono mezani.

"Huyu kafikaje juu?"

Mume aliitazama ile nukta, akaweka brashi chini. "Nilikuwa nachagua wasio na alama," akasema taratibu. "Huyo tope lilimficha."

"Ulikuwa unachagua!"

"Walikuwa wanakufa na joto kule chini, mke wangu. Na wewe kila siku unarudi nyumbani unalia. Nikasema, si wanaenda juu hata hivyo? Acha niwasogeze."

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, ila hawakusema kwamba kinaweza pia kukubebea mikoba. Angetendwa hivi na wale wa chuoni, angejua pa kupeleka matusi. Huyu alikuwa akimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa kila jioni, anamsikiliza akishangilia, anamwongezea chai. Alimchukia waziwazi, na bado alitaka ndiye ambembeleze.

"Umewaweka wapi na wapi?" akauliza. Kama angewajua wa kubebwa, angewafuta kwenye ramani na kubaki na wa kweli.

"Popote nilipopita kwenye doria. Sikumbuki." Mume akainuka. "Lakini sikuwabeba wote. Wengine niliwakuta huko huko. Walipanda wenyewe, nakuapia."

Miaka yote hiyo hakutaka kusikia neno lingine ila hilo. Akamtazama usoni, akajaribu kumwamini, akashindwa. Akatoa simu, akawapigia waandaaji wa mkutano kuwaambia kwamba haji, na kwamba makala ile aliyoiandika si ya kutegemewa.