Mtoni, Sauti Haikatiki Tena

Banda letu la gemu pale Tunduma lilikuwa karibu na maegesho ya malori, kwa hiyo wateja wetu wengi walikuwa madereva wanaosubiri kuvuka kwenda Zambia. Gemu ikipata sasisho, yaani marekebisho kutoka kwa walioitengeneza, mimi nilisoma maelezo yake ya Kiingereza, kisha dada yangu akayaandika ubaoni kwa Kiswahili.

Dereva mmoja alikuwa akicheza hadithi ya ndugu wawili wanaokimbia vita. Alipofika mtoni sauti ilikatika, naye akakataa kuendelea.

"Huyu kaka ana maneno ya kusema pale," alituambia. "Nitasubiri watengeneze. Na mtu asinisimulie."

Akavuka mpaka na mzigo wake.

Sasisho lilipokuja, maelezo yalisema waziwazi: sauti imerekebishwa pale kaka anapokufa. Nilimwomba dada alainishe. Akaandika: "Sauti imetengenezwa pale kaka anapozidiwa."

"Dada, umeua."

"Nimeua nani? Si nimesema amezidiwa tu?"

"Sisi watu wa Igamba, ukipigiwa simu kwamba ndugu yako amezidiwa, njoo, unafanya nini?"

Akafikiri. "Nafunga kitenge, naanza kulia nikiwa njiani."

Kwetu msiba hautangazwi kwenye simu. Msafiri huambiwa hivyo ili afike salama, na kila msafiri anaelewa. Dada akafuta. Kama nawe siku moja utaandika maelezo ya namna hii, usiogope, si kazi ngumu: taja mahali na kilichoharibika, watu waache. Tuliandika: "Mtoni: sauti haikatiki tena."

Dereva alirudi mchana mmoja, akasoma ubao, akavuta kiti.

"Haya. Kaka yangu mzima?"

"Cheza, shemeji," dada alimjibu bila kugeuka.

Akacheza. Sisi tukajishughulisha na nyaya ambazo hazikuwa na shida yoyote. Pale mtoni yule kaka alisema maneno yake yote hadi la mwisho. Dereva akaweka pedi ya kuchezea mapajani, akavua kofia, akakaa hivyo mpaka hadithi ikaisha.

"Mwenzangu wa lori lile jingine anakuja sasa hivi," alisema hatimaye, akijifuta uso. "Yeye bado hajafika mtoni. Akiniona hivi atajua."

Akatoka kwa mlango wa uani.