Ruhusa ya Debuli

Wageni kutoka bondeni wakishuka kwenye basi hapa Kafaldhar, swali lao la kwanza ni choo, la pili ni ile njia ya msituni. Wameambiwa kuna njia ya miguu inayokizunguka kilima chetu chote chini ya mialoni na mierezi, huoni gari wala husikii honi. Mimi Hansa nina banda la chai pale njia hiyo inapokutana na ngazi za kushukia stendi, basi kazi ya kuwaelekeza imeniangukia mimi. Wanakwenda, wanavuta hewa, wanayapiga picha maua mekundu ya burans, kisha wanatokea upande wa pili, nyuma ya mgongo wangu, na kuniambia, "Mama, mna bahati nyinyi. Mimi ningekaa hapa maisha yangu yote." Nawaongezea maji ya moto. Mteja habishiwi.

Debuli alikuwa mke wa Diwan Singh, mtoto wa jirani yangu Rukma. Diwan ni askari, yuko mpakani, nyumbani tunamwona mara moja kwa mwaka akiwa na soksi mpya na mafua. Nyumba yote ilikuwa ni Rukma, Debuli na ng'ombe. Kila asubuhi Debuli alipita mbele ya banda langu, mundu kiunoni na kamba begani, akaingia msitu ule ule wa wageni kukata majani ya mwaloni ya ng'ombe, na kukusanya majani makavu ya msonobari ya kumtandikia. Alikuwa mfupi, mkavu, mwenye mdomo. Mgeni mmoja alimwuliza kama haogopi chui peke yake msituni. "Chui naye ana mama mkwe," Debuli akamjibu, "hana nafasi ya kuhangaika na mimi."

Kwenye njia ile kuna benchi ambapo wageni hukaa kuitazama milima ya theluji. Debuli akikaa pale hutazama chini. Ng'ambo ya bonde kuna kijiji cha kwao, na siku isiyo na ukungu unaliona paa la mawe la nyumba aliyozaliwa, na mti wa pichi ubavuni mwake. Kwa basi la mchana ni mwendo wa kufika kabla jua halijazama. Lakini tangu mwaka wa pili wa ndoa hakuwa ameikanyaga nyumba ile tena, na mwaka ninaousimulia alikuwa na zaidi ya miaka saba kwa mumewe. Wazazi walikuwa wamekufa, nyumba imebaki kwa kaka yake, Kundan. Alichotaka Debuli kilikuwa kidogo: akalale kwao siku chache, aamke jua likiwa limeshapanda, na pasiwe na mtu wa kumwuliza majani yako wapi. Kwa mumeo wewe ni mikono. Kwenu wewe ni mtoto, hata ukiwa na mvi.

Kwetu mke haendi kwao kwa miguu yake mwenyewe. Lazima watu wa kwao waje kumwomba, na wa kwa mume wakubali. Akienda bila kuombwa, kabla hajafika mlangoni majirani wamekwisha kumpa talaka.

Na Kundan alikuwa anaomba, hilo lazima niliseme. Kila mwezi wa Chait, mialoni inapotoa majani mapya, ndugu wa kiume humpelekea dada yake aliyeolewa bhitauli: mikate ya puri ya kukaanga, halua, kitambaa cha nguo. Wako wanaosahau. Kundan hakukosa hata mwaka mmoja. Hukaa kwenye mkeka uani kwa Rukma, hagusi hata maji, maana mtu hali wala hanywi nyumbani kwa dada aliyemwoza. Anaweka kapu chini, anauliza hali ya ng'ombe, kisha anakutanisha viganja kifuani na kusema, "Mama, niruhusu nimchukue dada yangu kwa siku chache." Rukma anamjibu, "Na ng'ombe atakula nini?" Kundan anafuta macho kwa ncha ya shali. Debuli anamsindikiza kwa njia ya msituni mpaka bandani kwangu, na hapo Kundan anakunywa chai glasi mbili, ile ambayo hakuinywa kule na ya njiani, huku ndugu wawili wanamsema Rukma. Baada ya hapo Debuli anaendelea kumsema peke yake mpaka Chait nyingine.

Mwaka ule alichoka kumsema pembeni. Tulikuwa bombani, wanawake wengi, Rukma naye amesimama na mtungi wake, akamwambia Debuli afanye haraka maana majani hayajakatwa. Debuli akauweka mtungi chini.

"Mama, hata wafungwa wana siku ya kutoka," akasema. "Mimi nieleze kosa langu, nijue nimebakisha miaka mingapi."

Pale bombani hapakuwa na aliyecheka. Rukma ana ulimi wa kumnyoa mtu kavu, nami nilisubiri aufungue. Alijitwika mtungi haujajaa na kuondoka, na maji yakawa yanamwagikia mgongoni njia nzima.

Kundan alikuja Chait ilipokuwa inakaribia katikati. Mimi nilikuwa uani kwa Rukma nikisubiri fungu langu la puri, kwa sababu bhitauli hugawiwa majirani na mimi si mtu wa kungoja niletewe. Kundan aliweka kapu, akauliza hali ya ng'ombe, akakutanisha viganja. "Mama, niruhusu nimchukue dada yangu kwa siku chache."

"Mchukue," Rukma akasema.

"Najua, Mama, najua, ng'ombe naye ni kiumbe," Kundan akasema, na shali ilikwisha kufika kwenye jicho.

"Nimesema mchukue. Mpaka mwezi uishe, ukitaka."

Shali ikabaki pale pale jichoni. "Lakini magoti yako, Mama."

"Magoti ni yangu. Nimekata majani kabla wewe hujazaliwa."

"Na shemeji Diwan? Si vizuri tukamwuliza kwanza?"

"Diwan yuko mpakani na bunduki. Utamwulizia wapi? Mimi ndiye mama yake."

"Sijui pia kama leo ni siku njema ya kusafiri. Hatujamwuliza kuhani."

"Ulipokuwa unaomba hukujua kama siku ni njema?" Rukma akauliza, na mimi nikacheka kwa sauti. Mungu anisamehe, nilidhani mtu wa watu amepigwa na furaha mpaka akili imemruka.

Debuli hakusikia hata moja ya hayo. Aliposikia "mchukue" alikuwa amekwisha kuingia ndani. Alitoka na kifurushi kichwani na shali yake ya harusi begani, akainama kugusa miguu ya Rukma. Rukma akaivuta miguu na kumwambia wataachwa na basi.

Nilitangulia ili niwashe jiko kabla ya abiria wa mchana. Nikachemsha, nikasubiri, hawatokei. Mwishowe nikawaona wanakuja chini ya mialoni, Kundan ndiye aliyebeba kifurushi, mwendo wa maiti. Kwenye kila benchi anakaa. Debuli anamvuta mkono, anainuka, anakwenda hatua mbili tatu, anasimama tena kuyatazama maua ya burans. Mtu amezaliwa kwenye burans, amekunywa maji ya maua yake utotoni mpaka meno yamebadilika rangi, leo anayashangaa kama mtu wa Delhi. Hapo ndipo nilipoacha kucheka.

Walipofika, Kundan aliagiza chai. Akaimaliza, akaagiza nyingine. Debuli yeye hakukaa. "Shangazi, pichi zitakuwa zimechanua," akaniambia. "Nitalala kile chumba changu cha dirisha la mashariki. Kaka, dirisha bado linafunguka?"

"Tumeweka viazi mle," Kundan akasema.

"Viazi nitavisogeza."

"Ni vya mbegu. Vikiguswa vinavunjika macho."

Chini stendi basi likapiga honi. Debuli akanyakua kifurushi. Kundan akaniletea glasi yake niijaze mara ya tatu, akasema hakuna haja ya kukimbilia lile, watapanda la baadaye.

"La baadaye lipi?" nikamwuliza. "Kundan, wewe si mgeni hapa, hilo ndilo la mwisho."

Debuli akakiteremsha kifurushi taratibu. "Kaka, nitazame." Kundan akatazama chai. "Wifi anajua kuwa unakuja kuniomba?"

"Anajua."

"Anasemaje?"

Kundan aliizungusha ile glasi kama anatafuta kitu ndani yake. Si mtu mbaya, ndiyo taabu yake. Angekuwa mbaya angedanganya. "Anasema nenda kaombe tu, yule bibi hatakubali," akasema. "Kila mwaka anasema hivyo. Ndiyo maana ananikaangia puri bila ugomvi."

Basi likaondoka. Tulilisikia likipanda kona ya kwanza, ya pili, mpaka msitu ukalimeza. Wageni wawili walipita wakitusalimia, na mmoja akamwambia mwenzake asikilize jinsi palivyotulia.

"Usinifikirie vibaya, Debu," Kundan akasema. "Kila mwaka nakuja. Wangapi hapa hawaletewi hata puri moja? Nyumba ile si yangu peke yangu sasa. Ningekuwa peke yangu..."

"Ungekuwa peke yako ungenichukua?"

Kundan akapuliza chai. Swali lilikuwa jepesi na alilinyamazia, nami nilitamani kummwagia birika. Ada ya mja hunena, muungwana ni vitendo, na huyu maneno yake yalikuwa matamu kuliko halua aliyoileta.

"Rudi useme basi limetuacha," hatimaye akamwambia.

"Na kesho? Kesho hakuna basi?"

"Basi sema umeumwa."

"Kundan," nikasema, "teremka ukatafute lori." Akateremka. Ngazi za kwanza alizishuka kinyumenyume, akitutazama, kisha akageuka na kushuka haraka.

Sikuweza kumwacha Debuli arudi peke yake. Nilifunika jiko. Hakutaka kupita njia fupi aliyokuja nayo, maana ile inapita karibu na bomba na shali ya harusi ilikuwa bado begani, basi tukaizunguka njia ndefu, upande wa nyuma wa kilima. Ni njia nzuri, siwezi kuitia dosari. Mwanga unashuka kidogo kidogo kati ya mierezi, majani makavu yanameza hata sauti ya miguu yako. Siku ile niliichukia. Unatembea, unatembea, na unajua tangu mwanzo itakakokurudisha.

"Shangazi, nimemtukana mama wa watu miaka yote," Debuli akasema.

"Alikuwa anakunyima kweli. Alikuwa anawaza ng'ombe wake."

"Ndiyo. Lakini nilikuwa nimefungiwa, na aliyefungiwa ana mlango wa kuutazama." Hakulia. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, nimetoa hata leso, na hakulia. Tulikutana na mzee mmoja mgeni mwenye fimbo, akatuambia tunaishi peponi. Debuli akamjibu kwa adabu kwamba ndiyo, na karibu tena.

Rukma tulimkuta ametoka kukata majani. Mzigo ulikuwa mdogo kama wa mtoto, naye amekaa kando yake akijikanda magoti. Alikitazama kifurushi, akaitazama shali.

"Basi lilikuwa limejaa," Debuli akasema.

"Kesho je?"

"Kesho nalo litakuwa limejaa."

Rukma aliacha kujikanda magoti. Yeye naye aliletwa hapa akiwa bibi harusi, kutoka bonde la mbali zaidi, na sijawahi kumwona kaka yake hata siku moja. "Ng'ombe hajanywa maji," akasema.

Debuli akaivua shali, akaikunja, akachukua ndoo. Akafika mlangoni pa zizi, akasimama ametupa mgongo.

"Mama. Mwakani akija kuomba."

"Enhe."

"Kataa."

"Nilikuwa nakataa," Rukma akasema. Kisha akaniambia mimi niende nyumbani, hapa hakuna puri iliyobaki.

Chait iliyofuata nilidhani Kundan hatakuja. Alikuja, kapu limejaa kuliko miaka yote. Alikutanisha viganja na kuomba, lakini safari hii kwa sauti ndogo sana, macho yameganda kwenye midomo ya Rukma. Rukma alimwacha amalize. Akamwacha angoje kidogo pia, mbaya yule. Kisha akauliza, "Na ng'ombe atakula nini?" na mabega ya Kundan yakashuka, akafuta macho, na naapa mara hii yalikuwa na machozi.

Debuli akamsindikiza chini ya mialoni mpaka bandani kwangu, kama desturi. Nikamtilia Kundan chai. Debuli akakaa karibu yake kwenye benchi, akaiweka vizuri shali ya kaka yake begani, akampigapiga mkono kama unavyombembeleza mtoto.

"Usilie, kaka," akamwambia. "Mwakani huenda akakubali."

Kundan aliiweka glasi chini kabla hajaimaliza, akaliwahi basi.